WASTANI HAUKUWEKWA KUWAFUKUZA WATOTO

Katika hesabu zote zifundishwazo shuleni sijui iliyo nyepesi kwa mkono na nzito kwa maana kuliko hesabu ya wastani. Mtoto hujumlisha, hugawanya, hupigiwa vema, huenda zake kucheza. Kwa kuwa ni nyepesi, watu wengi wameidharau. Na kwa kuwa wameidharau, imekuwa kama kisu kilichoachwa uani: mtoto akikiokota hujikata, na mkubwa mwenye nia mbaya akikiokota humkata mwenziwe.

Makusudi ya maneno yangu ni kusema wazi mambo mawili. La kwanza, ya kwamba namna wastani na mediani zifundishwavyo katika shule nyingi ni kufundisha midomo na mikono, wala si kufundisha akili. La pili, ya kwamba kosa hilo halikomi kwenye karatasi ya mtihani. Limetoka darasani likaingia katika ofisi za shule, na huko linawatoa watoto madarasani mwao. Najua ya kuwa maneno haya hayatawapendeza wote. Walakini anyamazaye mbele ya dhuluma ifanywayo kwa hesabu, hali yeye ndiye mwalimu wa hesabu, atajibu nini akiulizwa kazi yake?

Tazameni kwanza desturi ya darasani. Mwalimu huandika ubaoni: wastani ni jumla kugawanywa kwa idadi. Watoto huitika kwa sauti moja. Huandika tena: mediani ni namba iliyo katikati. Watoto huitika tena. Kisha huja mifano mitatu, na zoezi la maswali kumi yaliyofanana kama mayai ya kuku mmoja. Wote wakapata, mwalimu akafurahi, kipindi kikaisha. Lakini hakuna mtoto hata mmoja aliyeulizwa, "Wastani ni kitu gani? Unatuambia habari gani?" Naye mtoto asiyejua maana, mtihani ukilipinda swali kidogo tu, husimama kama mgeni aliyepotea njia panda.

Jaribuni kumwuliza mtoto wa namna hiyo swali hili: "Namba 5 wastani wake ni 16. Namba 4 kati ya hizo ni 8, 11, 17 na 20. Ya tano ni ngapi?" Atajumlisha zile nne apate 56, atagawanya kwa 4 apate 14, ataandika 14, maana ndivyo mkono wake ulivyozoezwa. Lakini aliyefundishwa maana hataharakisha. Atasema moyoni: ikiwa namba 5 zina wastani wa 16, basi jumla yake ni 5 mara 16, yaani 80; nimekwisha kupata 56; iliyobaki ni 24. Tena aweza kujihakikisha kwa njia ya pili, kama mtu apimaye mizani. Namba 8 imepungua 8 chini ya wastani. 11 imepungua 5. 17 imezidi 1. 20 imezidi 4. Upungufu ni 13, ziada ni 5. Zasalia 8 zisizolipwa. Namba ya tano sharti izidi wastani kwa 8, nayo ni 24. Njia mbili, jibu moja. Mtoto wa namna hii hana haja ya kuangalia karatasi ya jirani yake.

Maana yenyewe si ngumu, wala haitaki vyombo vya gharama. Waite watoto 5 mbele ya darasa, kila mmoja na mahindi yake: wa kwanza ana vibaba 2, wa pili 3, wa tatu 3, wa nne 5, wa tano 7. Wayamimine yote katika kapu moja, kisha wagawane sawasawa. Jumla ni vibaba 20, na kila mmoja atapata 4. Hiyo 4 ndiyo wastani: fungu ambalo kila mtu angelipata kama mali yote ingaligawanywa sawa. Sasa waulize: nani kati yenu alileta vibaba 4? Hakuna. Basi na wajue tangu siku hiyo ya kwanza kwamba wastani waweza kuwa hesabu isiyo ya mtu ye yote. Hii peke yake ni elimu kubwa, na wako watu wazima wenye vyeo wasioijua.

Mediani nayo ifundishwe uwanjani. Wapange watoto kwa kimo, toka mfupi hata mrefu. Wa mwisho wa kushoto na wa mwisho wa kulia waketi chini pamoja. Kisha wawili wanaofuata, na wengine wawili, hata abaki mmoja amesimama. Huyo ndiye wa katikati, na kimo chake ndicho mediani. Ikiwa idadi yao hugawanyika kwa 2, watabaki wawili. Basi chukua kimo kilicho nusu ya njia kati yao. Watoto wakifanya hivyo mara moja, hawatasahau kwamba kupanga hutangulia. Lakini aliyeimbishwa tu kwamba mediani ni namba ya katikati, mpe orodha ya 7, 2, 9, 4, 8, naye atakunyoshea kidole 9, kwa kuwa anaiona imekaa katikati ya mstari. Ukizipanga, 2, 4, 7, 8, 9, jibu ni 7. Aliyekosa hapo hakukosa hesabu. Alikosa kuambiwa ni katikati ya kitu gani.

Yako na makosa mengine yaliyo ndugu wa hayo. Kuku wa mtu mmoja walitaga kwa siku 7 mayai 4, 0, 5, 3, 0, 6 na 3. Kwa wastani walitaga mangapi kwa siku? Jumla ni 21, siku ni 7, jibu ni 3. Lakini wengi huzitupa siku mbili za sifuri, hugawanya kwa 5, hupata 4 na sehemu 2 za kumi, kana kwamba siku ambayo kuku hawakutaga haikuwa siku. Tena darasa moja lina watoto 20 wenye wastani wa 50, na la pili lina watoto 30 wenye wastani wa 70; wastani wa wote ni ngapi? Mwenye haraka husema 60. La, hasha! Darasa la kwanza lina alama 1,000, la pili lina alama 2,100. Jumla 3,100 kwa watoto 50 ni 62. Darasa lenye watu wengi huvuta kwa nguvu zaidi, kama vile upande wa mashua wenye watu wengi huzama zaidi. Wastani wa wastani mbili si wastani, ila idadi zikiwa sawa.

Basi mtu atasema: "Hayo ni makosa ya watoto; watakua watayaacha." Ningefurahi kama ingekuwa hivyo. Lakini mtoto aliyefundishwa hivyo hukua akawa karani, mzazi, diwani, mkuu wa shule. Na sasa natoka darasani naingia ofisini.

Lifikirini swali hili ambalo huonekana katika mitihani mingi kwa sura mbalimbali: "Wastani wa alama za watoto 10 ni 60. Mtoto mmoja aliyepata 15 ameondolewa. Wastani wa waliobaki ni ngapi?" Jumla ilikuwa 600; ukitoa 15 zabaki 585; gawanya kwa 9, jibu ni 65. Vema. Mtoto amepata alama zake. Lakini walimu wenzangu, lisomeni tena swali hilo polepole. Wastani umepanda kwa alama 5 nzima. Je, yuko mtoto aliyejifunza neno jipya? Hakuna. Yuko mwalimu aliyefundisha vizuri zaidi kuliko jana? Hakuna. Kilichotendeka ni kimoja: mtoto aliyehitaji mwalimu kuliko wenzake wote ametolewa mlangoni, na shule imesifiwa kwa sababu hiyo.

Hili si fumbo la kitabuni. Wako wakuu wa shule waliolisoma swali hili wakalifanya amri. Mtoto mnyonge huambiwa arudie darasa kabla ya mwaka wa mtihani; au mzazi wake huitwa kwa upole akashauriwa kutafuta shule nyingine itakayomfaa; au hupangwa kufanya mtihani mahali pengine, jina lake lisiandikwe pamoja na ya wenzake. Wengine huweka kiwango, kwamba asiyefikia wastani fulani hapandi darasa. Kisha matokeo yakitoka hupigwa vigelegele, picha zikabandikwa njiani, ada ikapandishwa. Hakuna aulizaye: walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi, nao wako wapi?

Asili ya jaribu hili ni kwamba shule zimepimwa kwa namba moja tu. Nchini Kenya, mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na alama 500 juu kabisa, na shule ilijulikana mtaani kwa wastani wake. Katika mtihani wa KCSE daraja hugeuzwa kuwa pointi, A pointi 12 na E pointi 1, na shule hutangaza wastani wake hata kwa sehemu za mia, kana kwamba elimu ya watoto hupimwa kama dhahabu ya sonara. Nchini Tanzania, katika matokeo ya darasa la saba umekuwa ukiandikwa wastani wa shule juu ya orodha ya majina. Mwanzo wa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza kwamba limeacha desturi ya kutaja shule kumi bora. Lilifanya vema. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 ilikataza mwanafunzi kuzuiliwa darasani asipande, wala kufukuzwa ila kwa taratibu zilizowekwa. Lakini sheria iliyo Nairobi au Dodoma haioni kila ofisi ya kijijini, na desturi haifi kwa tangazo. Maadamu mzazi hajui wastani ni nini, atazidi kuuliza jambo moja tu: "Shule hii ina wastani gani?" Na maadamu anauliza hilo tu, yuko atakayempa namba nzuri kwa kuwatupa watoto wa wenziwe, na pengine mtoto wake mwenyewe.

Hapa wajuzi wengine huniambia: "Basi tuache wastani, tupime kwa mediani; hiyo haidanganyiki." Hoja hii ina sehemu ya kweli, nami nitaipa haki yake. Chukueni alama za wale watoto 10: 15, 48, 52, 58, 60, 64, 68, 72, 78 na 85. Jumla ni 600, wastani 60. Mediani ni nusu ya njia kati ya 60 na 64, yaani 62. Ukimwondoa mwenye 15, wabaki 9, na wa katikati ni yule mwenye 64. Wastani ulipanda kwa 5, mediani imepanda kwa 2 tu. Ndiyo, mediani haivutwi sana na mtu mmoja aliye mbali na wenziwe.

Hali kadhalika katika mishahara. Tuseme kiwanda kidogo kina watu 10: wafanyakazi 9 hupata shilingi 150,000 kwa mwezi, na mkuu wao hupata 1,650,000. Jumla ni 3,000,000, wastani 300,000. Mkuu akisimama mbele ya wageni akasema, "Hapa kwetu mshahara wa wastani ni shilingi laki tatu," hakusema uongo hata neno moja. Lakini katika chumba kile chote hakuna apataye laki tatu, na tisa kati ya kumi hupata nusu yake. Mediani ingesema 150,000, na wageni wangelijua hali ya watu. Kwa hiyo mtoto asiyefundishwa tofauti ya hizi mbili ameachwa bila ngao mbele ya kila mwenye maneno laini.

Walakini msikimbilie mediani kama mkimbilia mwokozi. Rudini kwa watoto wetu 10. Tuseme mwalimu mmoja mwema aliketi na yule mwenye 15 kila jioni kwa mwaka mzima, hata akapata 45. Kazi ya namna hii ndiyo ualimu hasa. Wastani unaiona: jumla sasa ni 630, wastani 63. Lakini mediani? Mtoto angali wa mwisho katika mstari. Wa katikati ni wale wale wa 60 na 64. Mediani ingali 62. Mediani haikuona lo lote! Shule ikipimwa kwa mediani peke yake, mwalimu mwenye hila atawaacha walio chini kabisa wakae kimya nyuma ya darasa, wala namba yake haitapungua hata kidogo. Wastani una jicho moja, na mediani ina jicho moja, na hayo macho hayatazami upande mmoja. Mwenye hila akipewa jicho moja tu la kumwangalia, atapita upande usioonwa.

Nani basi mwenye kosa? Si wastani wala si mediani. Nyundo haina kosa kwa kuvunja chungu. Kosa ni la mtu aliyetaka namba moja imfanyie kazi ya kufikiri, na la mwalimu aliyempeleka ulimwenguni bila kumwonya.

Wenye elimu wa zamani walilijua jambo hili wakabishana juu yake. Mwaka 1906 katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walinunua tikiti kwa peni 6 ili kukisia uzito wa maksai mmoja baada ya kuchinjwa na kutengenezwa. Tikiti 787 zilizosomeka zilifika mikononi mwa Francis Galton, naye akaandika habari zake katika gazeti la Nature mwezi wa Machi 1907. Alizipanga toka kisio dogo hata kubwa, akatwaa la katikati: ratili 1,207. Uzito halisi ulikuwa ratili 1,198. Galton aliipenda mediani kwa sababu ya haki: kila mtu ana kura moja, na mpumbavu akisiaye uzito wa tembo hapati nguvu zaidi kwa ajili ya upumbavu wake. Hoja nzuri! Lakini baadaye alipotaja wastani wa makisio yale yale, ulikuwa ratili 1,197, umekaribia kweli kuliko mediani yake. Wengi wape, wasema wahenga. Lakini wahenga hawakusema tuwahesabu wengi kwa njia ipi. Galton hakuficha namba ya pili kwa kuwa ilimpinga. Na wakuu wa shule zetu wajifunze hapo.

Mfano wa pili ni wa Marekani, nao ni wa uhai na mauti. Mwaka 1982 Stephen Jay Gould, mtaalamu wa viumbe vya kale, aliambiwa na waganga kuwa ana saratani ya tumbo iitwayo mesothelioma. Alipokwenda kusoma vitabuni, alikuta kwamba mediani ya maisha ya wagonjwa wa namna yake ilikuwa miezi 8 tangu kugunduliwa. Mtu aliyeimbishwa tu kwamba mediani ni namba ya katikati angalisema, "Nitakufa baada ya miezi 8," akaanza kugawa mali yake. Lakini Gould alijua maana. Mediani ya miezi 8 ina maana kwamba nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya hapo. Na kwa kuwa hakuna awezaye kuishi chini ya miezi 0, nusu ya kwanza imebanwa mahali padogo, lakini nusu ya pili yaweza kuenea mbali, miaka na miaka. Akatazama umri wake na matibabu aliyopewa, akaona sababu ya kutumaini. Aliandika habari hiyo mwaka 1985, akaishi hata mwaka 2002, miaka 20 baada ya kuambiwa, akafa kwa saratani nyingine. Sisemi kwamba hesabu ilimponya. Nasema hesabu iliyoeleweka ilimzuia asijizike angali hai. Je, mzazi wa mwanafunzi wako akipewa namba kama hiyo hospitalini, nani atamfasiria, ila mtoto uliyemfundisha wewe?

Sasa nijibu wanaonipinga.

Wa kwanza husema: "Muda hautoshi, mtihani u karibu." Namjibu kwamba kapu la mahindi na mstari wa uwanjani hula kipindi kimoja tu. Kukariri bila maana hula mwaka mzima, kwa sababu kila mwezi sharti uanze upya. Tena mwenye maana huwahi. Mwulizeni mtoto: "Namba nzima 5 zifuatanazo jumla yake ni 100, iliyo kubwa ni ngapi?" Aliyekariri ataanza kubahatisha au kuandika herufi. Mwenye maana ajua kwamba namba zilizopangwa kwa nafasi sawa, wastani wake na mediani yake ni kitu kimoja. 100 kwa 5 ni 20, hiyo ndiyo ya katikati, basi zitakuwa 18, 19, 20, 21, 22. Ameandika 22 na kuendelea na swali jingine, mwenziwe angali akifuta.

Wa pili husema: "Mtihani hauulizi maana, huuliza jibu." Hili ni lawama juu ya watungaji wa mitihani, nami naliunga mkono. Swali lisemalo tu "tafuta wastani wa namba hizi" hupima kujumlisha, ambako kulikwisha kupimwa darasa la pili. Na liulizwe hivi: "Mkuu wa kiwanda asema mshahara wa wastani ni laki tatu, je, amekuambia hali ya wafanyakazi? Eleza." Au hivi: "Wastani wa darasa umepanda kutoka 60 hata 65, taja njia mbili zinazoweza kuleta hayo, moja njema na moja mbaya." Mtoto awezaye kujibu hilo hatadanganywa kwa urahisi na karani, wala na mfanyabiashara, wala na mwenye kuomba kura.

Wa tatu husema: "Shule sharti zipimwe, ukiondoa wastani utapima kwa nini?" Sikusema shule zisipimwe. Nasema zipimwe mbele ya watu na kwa orodha nzima. Shule ikitangaza wastani, na itangaze pamoja nao mambo manne: idadi ya watoto walioanza safari miaka ile ya kwanza, idadi ya walioketi kufanya mtihani, mediani ya alama zao, na alama ya chini kabisa, bila jina la mtoto. Namba hizi nne na wastani wenyewe hazijazi hata nusu ya ukurasa. Mwenye kuwafukuza watoto ataonekana katika ile idadi ya kwanza na ya pili. Mwenye kuwasahau walio nyuma ataonekana katika alama ya chini. Na mwenye kazi njema hatakuwa na la kuficha.

Wa nne, naye ni wa hatari kuliko wote, husema kwa sauti ya huruma: "Twamwondoa mtoto kwa faida yake mwenyewe." Namwuliza neno moja: ungemwondoa kama alama yake isingehesabiwa katika wastani wa shule? Ikiwa jibu ni la, basi faida uliyoitafuta haikuwa yake. Mtoto mwenye 15 hakuja shuleni kupamba hesabu yako. Alikuja kwa sababu ana 15. Angekuwa na 85, haja yake kwako ingekuwa ndogo.

Enyi walimu, kazi hii haingoji amri ya wakubwa. Kesho asubuhi aweza kila mmoja wetu kwenda na kapu badala ya kanuni. Afundishe kwamba wastani ni fungu la kugawana sawa, na ya kuwa jambo lenyewe ni la haki, kwa maana kila mtu huhesabiwa ndani yake, mwenye vibaba 2 na mwenye vibaba 7. Afundishe kwamba mediani ni mtu aliyesimama katikati ya mstari, na ya kuwa mstari huo haukamiliki asipokuwapo wa mwisho wake. Awape watoto lile swali la mtoto aliyeondolewa, walipate jibu, 65. Kisha, kabla hawajafunga madaftari, awaulize swali ambalo halimo kitabuni: yule wa kumi amekwenda wapi?

Nanyi wazazi, mkiambiwa wastani wa shule, shukuruni, kisha ombeni orodha.